Matumbawe hai katika mizigo ya ndege: ya Tampa yanabebeka, ya Nyali yabaki baharini

Swali la msomaji:

“Mwalimu, salaam aleikum. Ninaishi Minneapolis, na kwa miaka mitatu sasa ninafuga samaki wa maji chumvi katika tangi la lita 200. Mwezi wa Februari nitakwenda Tampa, Florida, kumtembelea shemeji yangu, ambaye amenikatia vipande sita vya matumbawe kutoka tangi lake: viwili vya zoanthi, wale wadogo wanaoota kwa makundi kama vifungo, viwili vya Montipora, ambalo ni tumbawe gumu, kimoja cha Sarcophyton, lile laini lenye umbo la uyoga, na kimoja cha Euphyllia, lile tunaloliita nyundo. Je, naweza kurudi navyo kwa ndege, na niviweke katika begi la mkononi au katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege? Swali la pili: Agosti nitakwenda nyumbani Mombasa, na mpwa wangu wa Nyali ameahidi kuniokotea kipande kidogo maji yakipwa. Hicho nacho kinabebeka?”

Jibu:

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Vipande vya Tampa unaweza kurudi navyo, mradi uvibebe mkononi ndani ya chumba cha abiria, na shirika lako la ndege liwe limekukubalia kabla ya siku ya safari. Sanduku la tumboni mwa ndege usilifikirie. Kipande cha Nyali hakibebeki kwa njia yoyote, na sababu zake nitazieleza kwa urefu, kwa kuwa watu wengi wa pwani walioko ughaibuni huniuliza swali hilo hilo, wakiwa na nia njema kabisa.

Ugumu wa kwanza umo katika neno lenyewe. Sisi watu wa pwani tumelijua tumbawe kama jiwe la kujengea kabla ya kulijua kama kiumbe. Nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma, na mafundi wa Kilwa walichonga nakshi zao katika tumbawe la aina ya Porites, lililokatwa baharini na kuchongwa likingali bichi na laini. Kwa hiyo mtu akishika kipande chenye ukubwa wa kidole gumba, mkono wake humwambia kwamba ameshika jiwe, na jiwe halihitaji kuulizwa lilazwe wapi. Kumbe juu ya chokaa hiyo pana tabaka jembamba la wanyama wadogo walioungana, waitwao polipu, na ndani ya miili yao unaishi mwani wa seli moja unaotengeneza chakula kwa mwanga. Ukilifungia tumbawe gizani, mwani huo huacha kutoa sukari na oksijeni, na tangu hapo mnyama na mwani wake wote wawili huvuta oksijeni ya maji yale yale machache uliyowatilia. Tumbawe likishtuka hutoa ute. Ute huo huoza, bakteria wanaouozesha nao huvuta oksijeni, na maji yaliyokuwa safi asubuhi huweza kunuka jioni. Kinachoamua kama litafika hai ni saa litakazokaa kifungoni, kiasi ambacho joto la maji litapanda au kushuka, na usafi wa maji hayo. Ukaguzi wa uwanja wa ndege, ambao naona ndio unaokutia hofu zaidi, ni jambo jepesi ukilinganisha na hayo.

Nianze na asili ya vipande hivyo, maana ukiulizwa ni lazima uwe na jibu. Sheria za Florida zinakataza kuchukua matumbawe magumu katika bahari ya jimbo hilo, na sheria ya shirikisho iitwayo Lacey, ya tangu mwaka 1900, inalifanya kuwa kosa kumsafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine mnyama aliyepatikana kinyume cha sheria ya jimbo. Kwa bahati nzuri, Montipora, Euphyllia na Sarcophyton si viumbe vya Atlantiki. Ni vya Bahari ya Hindi na Pasifiki, kwa hiyo hakuna ajuaye matumbawe atakayekushuku kwamba umevikwanyua katika maji ya Florida. Zoanthi ni habari nyingine, kwa sababu wapo pia katika bahari ya Florida, na kwa macho tu si rahisi kumtofautisha wa dukani na wa baharini. Mwombe shemeji yako risiti ya duka alikonunua matumbawe mama yaliyokatwa vipande hivyo, au angalau akuandikie karatasi yenye tarehe, jina lake na maelezo kwamba vimekatwa katika tangi lake, kisha uiweke pamoja na tiketi. Safari yenyewe haivuki mpaka wa nchi, kwa hiyo vibali vya kimataifa nitakavyovitaja mbele havikuhusu hapa.

Sasa kuhusu sanduku la tumboni. Watu hudhani kwamba tatizo lake ni ukosefu wa hewa, ilhali sehemu ya mizigo ya ndege za abiria huwekewa mgandamizo wa hewa sawa na chumba cha abiria. Tatizo ni kwamba hakuna anayekuahidi joto lake, na zaidi ya hapo, sanduku halikai ndani ya ndege muda wote. Hukaa juu ya mkokoteni uwanjani likisubiri kupakiwa, hukaa tena likisubiri kupakuliwa, na Minneapolis mwezi wa Februari ni mji ambao maji huganda nje mchana kweupe. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka vipande kumi na viwili kwa njia hiyo, nikiwa nimevifunga kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Sanduku likachelewa kwa usiku mmoja, na nilipolifungua maji yalikuwa nyuzi 14 za Selsiasi. Walipona zoanthi watatu tu. Tangu siku hiyo sijampa mtu yeyote ushauri wa kuweka tumbawe mahali asipoweza kuligusa.

Kwa upande wa ukaguzi, Mamlaka ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, yaani TSA, inawaruhusu viumbe hai vya majini, matumbawe yakiwemo, kupita kituo cha ukaguzi wakiwa ndani ya maji yao, katika chombo kinachoonyesha ndani, baada ya ofisa kuvikagua. Ruhusa hiyo ndiyo inayovuka kikomo cha mililita 100 tunachokijua sote. Hata hivyo, mamlaka hiyo husema wazi kwamba neno la mwisho ni la ofisa aliye mbele yako, na ruhusa yake haimlazimishi mwenye ndege. Kila shirika lina masharti yake kuhusu wanyama chumbani, na mengi yameyaandika yakiwafikiria mbwa na paka, kwa hiyo mhudumu wa simu asiyejua tumbawe ni nini anaweza kukukubalia au kukukatalia kwa kubahatisha. Mweleze taratibu kwamba ni viumbe vya majini visivyotembea wala kutoa sauti, ndani ya makopo yaliyofungwa yenye maji yasiyozidi lita mbili kwa jumla, halafu mwombe aandike kibali hicho katika taarifa za tiketi yako na akutumie barua pepe. Chukua pia nakala iliyochapishwa ya ukurasa wa TSA unaohusu viumbe hao. Karatasi mkononi humpa ofisa kitu cha kusoma, naye akishasoma mazungumzo huwa mafupi.

Ufungaji ndio kazi yenyewe, na huanza wiki nzima kabla ya safari. Mwambie shemeji yako akate vipande angalau siku saba mapema, avigundishe kwenye visahani vyake, yaani vigae vidogo vya kubandikia matumbawe, kwa gundi nzito ya sianoakrilati, na aviache tangini vipone. Kidonda kibichi hutoa ute mara nyingi zaidi ya ngozi iliyofunga, na Sarcophyton aliyekatwa jana anaweza peke yake kuharibu maji ya kopo zima. Siku mbili za mwisho asivilishe kitu. Katika wiki hiyo hiyo ninyi wawili mpime chumvi ya matangi yenu, kila mmoja kwa kipimo chake, na kama yake, kwa kipimo cha uzito wa maji ukilinganisha na maji baridi, ni 1.025 na yako ni 1.022, wewe ndiwe wa kurekebisha, kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ili vipande visikutane na bahari ya pili siku vinapofika vikiwa vimechoka.

Kwa vyombo, ningechagua makopo sita ya plastiki ngumu yenye kuonyesha ndani, ya nusu lita kila moja, yenye vifuniko vya kuzungusha. Mfuko laini wa nailoni unafaa kwa samaki, ila mifupa ya Montipora ina makali na huutoboa. Vifuniko vya kubonyeza pia uviepuke, kwa sababu angani mgandamizo wa hewa chumbani hushuka hadi kama robo tatu ya ule wa usawa wa bahari, hewa iliyofungwa hutaka kutanuka kwa theluthi moja, na kifuniko dhaifu hufunguka kikiwa mapajani mwako. Tia maji ya tangi lenyewe, yaliyochotwa juu na kuchujwa, kiasi cha mililita 300, ukiacha nafasi iliyobaki iwe ya hewa. Wengi hujaza kopo hadi mdomoni wakidhani wanamtendea mnyama wema. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 7 tu za oksijeni, ilhali lita moja ya hewa ina zaidi ya miligramu 250, kwa hiyo ile nafasi tupu ndiyo ghala la pumzi. Kwa safari ya saa tisa, kutoka tangi hadi tangi, hewa hiyo inatosha bila kuhitaji mtungi wa oksijeni.

Kila kipande kiwe katika kopo lake. Matumbawe yana sumu na nyuzi za kuumizana, na nyundo hasa huchoma chochote kinachogusana naye. Nyundo huyu ndiye atakayekupa kazi kubwa kuliko wote, kwa sababu nyama yake ni laini na nyingi, na mfupa ulio chini yake una kingo zinazoikata anapotikiswa. Mtoe asubuhi kabla ya taa za tangi kuwaka, akiwa bado amenywea. Kama ameanza kufunguka, mguse taratibu kwa kidole chenye glavu na umsubiri ajikunje ndipo umnyanyue. Kisha kifunge kisahani chake kwa mpira chini ya kipande cha stairofomu, ili aelee kichwa chini, nyama ikining'inia ndani ya maji bila kugusa kuta za kopo. Mtu asiyeizoea njia hiyo huishangaa, lakini sijaona iliyo bora zaidi kwa jamii yake. Montipora na Sarcophyton wao wanatosheka na kisahani kilichobanwa vizuri kwenye sakafu ya kopo.

Kuhusu zoanthi, naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa suala si uhai wao bali wako na wa jirani yako katika kiti. Baadhi yao, hasa wa jenasi ya Palythoa, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana katika viumbe vya asili, na familia nzima zimewahi kulazwa hospitali baada ya mtu kuchemsha au kusugua jiwe lenye zoanthi nyumbani na wote kuvuta mvuke wake. Ukiwagusa vaa glavu na miwani, usiwashike ukiwa na jeraha mkononi, na usiwakate wala kuwakwaruza siku ya safari. Makopo yao yafunikwe kwa utepe pembeni mwa kifuniko, yatiwe katika mifuko miwili ya zipu yenye taulo la karatasi ndani, na yaandikwe “usifungue”. Ofisa akitaka kulifungua kopo la zoanthi, mwambie kwa upole kwamba maji hayo hayafai kuguswa wala kunuswa kwa karibu, na kwamba unaomba alikague kwa macho. Hilo ni kweli, na ni haki yake kulijua.

Makopo yote yapange ndani ya kisanduku cha stairofomu kinachoingia chini ya kiti cha mbele yako, ukikipima kwa vipimo vya shirika lako na si kwa kukadiria. Mianya ijaze kwa magazeti. Usikifunge kwa utepe hadi utakapopita ukaguzi. Utepe ubebe mfukoni. Unapofika kwenye mkanda wa mashine, mwambie ofisa kwanza kwamba una viumbe hai majini na unaomba vikaguliwe kwa mkono, kabla hujaweka chochote, kwa sababu kisanduku cheupe kilichojaa makopo ya maji kikionekana kwenye skrini bila maelezo, ukaguzi utakuwa mrefu na maji yatakuwa yanapoa. Fika mapema kuliko kawaida yako kwa saa moja.

Na je, ofisa akikataa maji? Hutokea. Usigombane, na wala usivitupe vipande. Kumbuka nyumbani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hadi mwambani, matumbawe hubaki wazi kwa muda, yaking'aa kwa ute wao, na maji yakijaa huendelea kuishi. Uwezo huo unaweza kukuokoa. Mwaga maji, vizungushie vipande taulo za karatasi zilizolowa maji yale yale ya chumvi, virudishe katika makopo yaliyofungwa vizuri, na unyevu huo uwe ndani ya mipaka ya vimiminika vinavyoruhusiwa. Montipora, Sarcophyton na zoanthi watastahimili saa kadhaa hivyo. Nyundo simwekei dhamana, na kama shemeji yako bado yuko nje akikusubiri, mrudishie huyo mmoja.

Ndani ya ndege joto la kawaida huwa zuri kwao, isipokuwa sakafu ya upande wa ukutani huweza kuwa baridi kuliko unavyodhani, kwa hiyo chagua kiti cha kwenye njia ikiwezekana. Chukua chupa tupu, na baada ya ukaguzi omba maji ya moto mgahawani uyachanganye na ya baridi hadi chupa iwe ya uvuguvugu tu, ile ambayo ungeweza kumpa mtoto aishike. Iweke katikati ya makopo. Naipendelea chupa hiyo kuliko pakiti za kemikali za kutoa joto, ambazo hupita nyuzi 40, hupasha kopo lililo karibu na kuyaacha mengine, na zaidi ya hayo huhitaji hewa ili zifanye kazi, kwa hiyo ndani ya kisanduku kilichozibwa huzimika. Tumbawe lililozoea nyuzi 25 litastahimili 22, litateseka katika 18, na likipashwa hadi 31 au 32 ndani ya kopo dogo, ambamo maji ya moto hubeba oksijeni kidogo zaidi, hali yake itakuwa mbaya kuliko ile ya baridi. Kuna watu wanaoogopa baridi ya Minnesota kiasi kwamba wanayapika matumbawe yao njiani.

Hatari ya baridi ni fupi, nayo iko kati ya mlango wa uwanja wa ndege na gari. Anayekupokea aliwashe gari mapema lipate joto kabla hujatoka, kisanduku kikae miguuni mwa abiria na si katika buti, na msisimame kununua chochote njiani.

Ukifika, punguza taa za tangi au uzizime kabisa. Elelesha makopo tangini, vifuniko vikiwa vimefungwa, kwa dakika 20 ili joto lilingane. Kisha usifanye yale ya kudondosha maji tone kwa tone kwa saa nzima. Wakati wa safari kabonidioksidi imejikusanya ndani ya kopo na kuyafanya maji yawe na asidi zaidi, jambo ambalo huizuia amonia isiwe kali. Ukifungua kifuniko gesi hiyo hutoka, asidi hupungua, na amonia ile ile hugeuka kuwa sumu wakati mnyama bado anakaa ndani yake. Kama mlilinganisha chumvi tangu mwanzo, hamna sababu ya kuchelewa. Vitoe, vitie katika dawa ya kuoshea matumbawe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ukivitikisa polepole ili minyoo bapa na konokono wasio na magamba wanaokula Montipora waanguke, kisha vitazame chini ya visahani kwa kioo cha kukuzia. Mayai ya wadudu hao hayafi kwa dawa, kwa hiyo ukiona vijidoa vyeupe vilivyopangika, kata kisahani na ukitupe, bakiza tumbawe tu. Mwenye tangi dogo la karantini avikalishe humo wiki kadhaa. Mimi sijawahi kujuta kufanya hivyo. Maji ya safari yasiingie tangini hata tone. Yale ya zoanthi yamwage chooni ukiwa na glavu. Kwa wiki ya kwanza viweke chini, penye mwanga hafifu, na usifadhaike Sarcophyton akikunja uso siku tano au sita na kuvaa ngozi ya kung'aa kama nta. Anajivua, na chini yake yuko mzima.

Nije kwa Nyali.

Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini na ambao ulianza kutumika mwaka 1975, umeyaweka matumbawe magumu yote katika Kiambatisho chake cha pili. Maana yake ni kwamba kipande chochote hai cha tumbawe gumu hakivuki mpaka wa nchi bila kibali cha kukitoa, na kwa Kenya mwenye kukitoa ni Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Kibali hicho hakitolewi kwa kujaza fomu tu. Ni lazima ithibitike kwamba kiumbe kilipatikana kihalali na kwamba kukitoa hakutaidhuru jamii yake baharini. Kipande kilichookotwa na kijana mwambani hakina hata hatua ya kwanza ya uthibitisho huo. Tena mbele ya Nyali ipo Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1986, ambamo kuchukua chochote, kiwe hai au kimekufa, ni marufuku, na mpwa wako anaweza kukamatwa kabla wewe hujapanda ndege.

Nimewasikia wenzetu wakisema kwamba yako matumbawe laini, kama Sarcophyton, yasiyotajwa katika mkataba huo, na kwa hiyo ni huru. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Hayamo katika mkataba, lakini sheria za Kenya bado zinayahusu, na Marekani humtaka kila mwenye kuingiza mnyama hai wa porini amtangaze kwa idara yake ya samaki na wanyamapori, katika viwanja vilivyoteuliwa kwa kazi hiyo. Wengine husema kwamba ni kitu cha binafsi, si cha biashara. Nafuu ya vitu vya binafsi, kwa sheria za Marekani na za Umoja wa Ulaya, ni ya vitu visivyo na uhai, na kiumbe hai hakiingii humo hata kiwe kimoja. Na ile Lacey niliyoitaja kwa Florida inahusu vilevile mnyama aliyechukuliwa kinyume cha sheria ya nchi ya kigeni, kwa hiyo kosa la Nyali lingekufuata hadi Minneapolis.

Lakini nisikufiche kwamba hata sheria hizo zisingekuwepo ningekuomba ukiache. Kutoka Mombasa hadi nyumbani kwako ni zaidi ya saa 24, kukiwa na ndege mbili au tatu na kaguzi zake, na tumbawe la porini, lisilowahi kuishi tangini, lililobanduliwa siku hiyo hiyo na bado lina kidonda, lingefika likiwa mfupa mweupe katika maji yanayonuka. Na mwamba wetu umekwisha kupata mapigo yake. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania ilipauka na kufa, na mwaka 2016 joto likarudi. Vile unavyoviona vikiishi leo ni vile vilivyostahimili, au watoto wa vilivyostahimili, na ndivyo ambavyo bahari inavihitaji zaidi kwa ajili ya mbegu. Mkwiro, katika kisiwa cha Wasini, wenyeji wanapandikiza vipande vya matumbawe kwenye viunzi chini ya maji, kimoja kimoja kwa mikono, ili kuurudisha mwamba ulioharibika. Ukiwa na siku mbili za ziada Agosti, nenda Shimoni ukavuke uwaone. Kwa mtu anayejua kugundisha kipande kwenye kisahani, kazi yao utaielewa kwa kuitazama mara moja.

Naijua hamu iliyo nyuma ya swali lako, ya kuwa na kijisehemu cha bahari ya nyumbani katikati ya theluji. Montipora na Sarcophyton unaopewa na shemeji yako ni wa jenasi zile zile zinazoota katika miamba ya Mombasa, na ukitaka kuongeza, tafuta Galaxea au Acropora waliokuzwa tangini Marekani, maana hao pia wako kwetu. Mpe Galaxea nafasi, kwa kuwa usiku hunyosha nyuzi ndefu za kuchoma.

Mpwa wako mpigie simu sasa, usingoje Agosti. Kama bado hajaokota kitu, mwambie aache. Kama kipande kiko ndooni hivi sasa, akirudishe leo, maji yakipwa, pale pale alipokitoa, akikibana kwenye ufa wa mwamba kielekee juu ili wimbi lisikigeuze, na asikiweke mchangani.